Kigiriki cha Kwenye Kiti

Askofu hakuwa askofu. Alikuwa kinyozi, na cheo hicho alipewa na wateja wa benchi lake, si na kanisa lolote. Tangu afungue kile chumba chake chenye kioo kimoja kirefu na kiti kimoja cha kuzunguka, hakuna mtu aliyewahi kunyolewa pale bila kuhubiriwa. Ukiingia kupunguzwa kisogo, unatoka umepunguzwa kisogo na dhambi. Wateja walikwenda kulalamika kwa wake zao, kisha wakarudi tena, maana kiti kilikuwa laini na poda hakuibania.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kanisa dogo la mabati lisilo na mchungaji. Yule wa mwisho alihamishwa, na hakuna aliyeletwa badala yake. Basi kila Jumapili Askofu ndiye aliyesoma matangazo, ndiye aliyeanzisha nyimbo, ndiye aliyehubiri. Ila alihubiri akiwa amesimama sakafuni, kando ya mimbari, kwa kuwa mimbari ilikuwa ya wenye cheti. Ngazi zake zilikuwa tatu tu, na mtu huyu aliyekwisha kunyoa vichwa vya mtaa mzima hakuruhusiwa kuzipanda. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokiri kwa yeyote.

Baraza la kanisa lilipochoka na barua zake za kuomba mimbari likamwambia: sawa, kasome. Akasoma. Masomo mengine yote aliyapita, kwa jasho, lakini aliyapita. Likabaki moja, Kigiriki cha Maandiko, nalo mtihani wake ni wa kuulizwa ana kwa ana. Akifaulu, mimbari ni yake. Akianguka, baraza litatuma mtu mwingine, naye Askofu atabaki pale sakafuni mpaka nywele zake mwenyewe ziishe.

Mwalimu wa Kigiriki, mtu mwembamba mwenye ndevu nyingi kuliko nyama, alifundisha Jumamosi. Sasa Jumamosi ndiyo siku ambayo kila kichwa kinataka kuwa safi kwa ajili ya Jumapili, na kinyozi anayefunga Jumamosi ni afadhali auze kiti. Wakaelewana. Askofu atasomea kazini, na mwalimu atamwekea kwenye simu ile programu ya kadi waliyokuwa wakiitumia wanafunzi wote.

Ilikuwa kitu rahisi. Kadi inatokea, sauti ya mwanamke asiye na haraka inatamka neno la Kigiriki, unajibu. Ukiigusa kadi inageuka, na nyuma yake pameandikwa maana kwa Kiswahili. Chini kuna vitufe vitatu: Najua, Nasitasita, Sijui. Ukibonyeza Sijui, neno linakurudia palepale, linakuganda kama nzi mpaka likukae kichwani. Ukibonyeza Najua, linakwenda kupumzika, kwanza siku chache, halafu wiki, halafu miezi, kwani programu haioni sababu ya kukusumbua kwa neno unalolijua. Na ndani ya simu kulikuwa na ubao wa darasa zima, unaoonyesha nani anajua maneno mengi kuliko mwenzake.

"Usiidanganye tu," mwalimu alimwambia. "Kitu hiki kinakuamini unavyokiambia."

"Mimi nidanganye? Mimi?" Askofu alijipiga kifua kwa mkono wenye kitana.

Na kweli hakudanganya hata mara moja. Hilo liwekwe wazi mapema, maana mbele ya safari kuna watakaotaka kumwonea.

Tatizo lilikuwa mikono. Kinyozi akiwa kazini mkono mmoja una mashine au wembe, mwingine umeshikilia kichwa cha mtu, na macho hayaruhusiwi kwenda popote. Simu ataishika nani? Ataishika aliyekaa kwenye kiti. Huyo mikono yake iko huru chini ya shuka na hana kazi nyingine zaidi ya kutulia. Basi kila mteja alipokwisha kufungwa shuka shingoni alikabidhiwa simu. Simu inatamka, Askofu anajibu kutoka nyuma, mteja anageuza kadi, anaona maana, anabonyeza. Askofu aliuona mpango huo kuwa ujumbe kutoka juu kabisa.

Mtu wa kwanza kuutendea haki alikuwa fundi bomba, jirani yake wa miaka mingi, mtu anayesema linalomjia mdomoni.

"Lithos," ilisema simu.

"Mkate!" alisema Askofu, akiwa na mashine shingoni mwa fundi.

"Umekosa, Askofu. Hapa pameandikwa jiwe."

"Nini?"

Aliruka. Mashine ikaruka naye. Ikapanda kutoka kisogoni mpaka utosini, ikaacha njia nyeupe iliyonyooka kama barabara mpya. Hapakuwa na la kufanya ila kumaliza zilizobaki, na katika purukushani hiyo jiwe likasahaulika. Na wiki ile fundi bomba alikuwa anakwenda kujitambulisha ukweni. Akaenda na kipara. Mama mkwe, alisimulia baadaye, alimtazama muda mrefu kisha akamuuliza binti yake pembeni kama huyu bwana ni mgonjwa.

Hadithi hiyo ililizunguka benchi kabla poda haijafutwa. Mteja aliyefuata, mwenye duka la vipuri, alikaa kwenye kiti akiwa ameshajifunza. Wembe ulikuwa chini ya kidevu chake simu ilipotamka probaton. "Farasi," alisema Askofu kwa uhakika. Kadi ilisema kondoo. Mwenye duka akautazama wembe kupitia kioo, akameza mate kwa uangalifu ili koo lisipande, akasema, "Naam, farasi," akabonyeza Najua.

Kuanzia hapo ndivyo ilivyokuwa. Nani atamwambia mtu mwenye wembe kooni mwake kwamba hajui kitu? Wakongwe wa benchi wakawa wanawapa wageni maelekezo kwa kunong'ona: "Ukipewa simu, wewe bonyeza cha kijani, kile cha Najua." Haki isemwe, maneno mengi Askofu aliyajua kweli, kichwa chake hakikuwa kibovu. Lakini yale asiyoyajua yalikwenda kupumzika pamoja na anayoyajua, na programu, kama ilivyoahidi, ikaamini. Farasi wakala majani ya kondoo kwa miezi. Askofu akapanda kwenye ubao wa darasa, akawapita watoto wa sekondari, akampita mwalimu wa hesabu mstaafu, akakaa juu kabisa peke yake, amevishwa kilemba cha ukoka na wala shingo haimwashi.

Mtu mmoja tu alijaribu kumvua. Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati, mwanamke aliyekwisha kuona watu wazima wakilia na hashtuki tena kwa lolote. Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliichukua simu mezani.

"Poimen."

"Mvuvi," alisema Askofu, mdomo umejaa.

"Hapa wanasema mchungaji."

"Umegusa vibaya."

"Sikugusa vibaya, baba watoto. Mchungaji. Hiyo kazi unayoitafuta."

Askofu alicheka mpaka akapaliwa, hata kuitazama simu hakutaka. "Mke wangu, mtaa mzima unanisikiliza kila siku na kila mtu anasema sawa. Wewe peke yako ndiye umeona kosa? Au ubao unakukera?"

Mkewe akairudisha simu ilipokuwa. "Haya. Mimi huwa nawazalisha watu, sibishani nao," akasema, akaendelea kula.

Huku nyuma mwalimu naye alikuwa anautazama ubao na kushangaa. Mwanafunzi asiyekuja darasani, na ndiye wa kwanza? Akaamua kwenda kujionea, na kwa kuwa mtu hawezi kuingia kwa kinyozi akasimama tu, akaomba achongwe ndevu.

Askofu karibu apasuke kwa furaha. Alimkalisha, akamlazia kidogo kiti, akampaka povu, akamkabidhi simu. "Leo utasikia mwenyewe, Mwalimu."

Mambo yalianza vizuri. Mlango, sawa. Njia, sawa. Mwalimu alikuwa ameanza kutabasamu ndani ya povu wembe ulipofika chini ya taya.

"Lithos."

"Mkate."

Mwalimu akafungua mdomo. Kwenye kioo akaliona benchi lote nyuma yake, watu watano waliokuwa wamejitia hamnazo muda wote, sasa wanatikisa vichwa kwa pamoja: usithubutu. Fundi bomba, ambaye nywele zake zilikuwa zimerudi zamani, alijionyesha utosi kwa kidole.

"Ehe, Mwalimu?" aliuliza Askofu. Wembe ulikuwa umesimama ukingoja jibu, palepale pabaya.

Na mwalimu, mtu mwenye shahada mbili na vitabu vya kujaza kabati, akabonyeza Najua. Akampitishia na farasi. Akampitishia na mvuvi. Alipoinuka ndevu zake zilikuwa zimechongwa na dhamiri yake imekwaruzika, akatoka haraka akijiambia kwamba atamweleza kesho, akiwa amesimama mbali. Kesho ikawa kesho kutwa, na mtu mwoga ana kesho nyingi sana.

Siku ya mtihani ikafika kabla ya kesho hiyo. Baraza lilikaa watu watatu kwenye meza ndefu: mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani aliyesimamia shule za kanisa, na mwalimu, ambaye alikuwa anayachunguza mafundo ya mbao za meza. Askofu aliingia amevaa suti, amejinyoa mwenyewe, kidevu kinang'aa. Akapewa sentensi moja ya Kigiriki aisome na kuieleza. Maana yake ilikuwa: mchungaji anatoka mlangoni, anakaa juu ya jiwe, anawaita kondoo.

Askofu akaisoma vizuri sana. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mahubiri:

"Mvuvi anatoka mlangoni, anakaa juu ya mkate, anawaita farasi."

"Juu ya mkate?" aliuliza mama mwenye miwani.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Na hao farasi, wanakuja?"

"Hapa hawajasema." Askofu akahisi kuwa wanataka zaidi, na mtu anayetaka zaidi hakuwahi kumnyima. Akaegemea mbele. "Lakini tujiulize, kwa nini mkate? Ni kwamba mtu huyu ametosheka. Riziki yake ameikalia. Ndiyo maana hata samaki amewaacha, sasa anaita farasi."

Mama mwenye miwani alivua miwani, akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Mwenyekiti alijikaza. "Mwalimu, huyu ndiye wa kwanza katika darasa lako?"

"Muulizeni mwenyewe!" alisema Askofu. Alikuwa ameanza kuona kwamba mambo si mambo, lakini ngome yake ilikuwa bado imesimama. "Alikaa kwenye kiti changu. Maneno hayahaya akanisikiliza, akasema sawa. Mwalimu, si kweli?"

"Ni kweli," alisema mwalimu kwa sauti ndogo.

"Na yalikuwa sawa?" aliuliza mwenyekiti.

"Hata moja."

"Sasa kwa nini ulimpitisha?"

Mwalimu akagusa koo. "Alikuwa na wembe hapa."

Hapo mama mwenye miwani alishindwa kabisa, akacheka waziwazi, akafuta machozi, akaomba radhi, akacheka tena. Askofu hakucheka. Alimtazama mwalimu, akatazama lile koo alilolinyoa vizuri, na mtaa mzima ukampita mbele ya macho, mmoja mmoja, kila mmoja amefungwa shuka. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba kosa si lake peke yake, kwa hiyo atarudi mwisho wa mwezi, mara ya mwisho. Akaongeza kwamba mtu mwingine wa kulichukua kanisa lile ameshapatikana na anangoja tu kuambiwa.

Alirudi dukani kwake na suti yake. Benchi lilikuwa limejaa kumsubiri, maana walijua ni siku ya mtihani.

"Nani kati yenu aliwahi kunidanganya kwenye kiti hiki?"

Hakuna aliyejikuna. Askofu akawatazama, kisha akaenda kwenye rafu, akauweka wembe ndani ya droo. Akachomoa waya wa mashine ukutani. Akageuka, akainua mikono yote miwili, mitupu.

"Sasa?"

Mikono ikapanda yote. Mwenye duka la vipuri alipandisha miwili.

"Tusamehe, Askofu," alisema fundi bomba. "Mimi nilisema kweli mara moja, ukaona kilichonipata."

Angeishia hapo ingekuwa afadhali kwake. Lakini mtu akishaanza kuvuta uzi hawezi kuacha. "Na nywele zenu je? Kila siku nawashikia kioo kwa nyuma, kila siku mnaniambia safi."

Mtu mmoja akakohoa. "Kisogo upande wa kushoto huwa kinapanda kidogo," alisema fundi bomba, akitazama viatu. Mwenye duka la vipuri akakiri kwamba yeye, akitoka pale, huwa anamwomba shemeji yake amalizie.

Lilibaki swali la tatu. Lilimjia mpaka kwenye ulimi: na mahubiri? Miaka yote hii, nikihubiri huku wembe uko mkononi, mnatikisa vichwa mnasema amina? Hakuweza kuliuliza. Aliogopa, kuogopa hasa, kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa mtihani. Akafunga duka jua likiwa bado kali, akawaacha nje na benchi lao.

Mkewe alimkuta ameketi ukumbini na suti yote, hata tai hajalegeza. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kwa kuwa alikuwa mke mwema, alijizuia kucheka kwenye mkate, akashindwa kwenye farasi.

"Wewe hujawahi kukaa kwenye kiti changu," alisema Askofu. "Hebu niambie. Mahubiri yangu yakoje?"

"Marefu."

"Marefu tu?"

"Marefu, na unapenda kujijibu mwenyewe. Unauliza swali zuri, kabla mtu hajalifikiria umeshajibu." Akakaa karibu naye, akaanza kumlegeza tai. "Lakini yule mama aliyefiwa na mwanawe, wanawake wawili walimleta kanisani wamemshika huku na huku. Ulipomaliza kuzungumza alitoka anatembea mwenyewe. Hilo nililiona kwa macho yangu, na hukuwa na wembe."

Askofu alilia kidogo, na tusimcheke kwa hilo.

Kisha wakafanya kitu kigumu kuliko kulia. Wakaifungua programu, wakaingia mahali pa kufuta, wakafuta yote. Kila Najua aliyowahi kupewa ikaondoka. Kwenye ubao wa darasa akaporomoka kutoka kileleni mpaka chini ya yule aliyeacha masomo, na wenzake wawili wakapiga simu kuuliza kama kuna msiba. Tangu siku hiyo simu ilishikwa na mkunga. Yeye anakunja nguo za zahanati, Askofu ameketi mbele yake, mikono magotini kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule. Mkewe hakuwa na huruma. Alibonyeza Sijui kwa raha, kwa kidole kilichonyooka, na mume akisema "nilikuwa karibu" anamjibu, "Karibu si kuzaa. Sukuma tena." Maneno yakarudi, yakarudi, yakarudi. Mpaka siku moja Askofu aliamka asubuhi akasema lithos, jiwe, kabla hata hajaomba maji ya kunawa.

Mwisho wa mwezi akasimama tena mbele ya ile meza. Aliulizwa neno hili, akajibu. Aliulizwa lile, akasitasita, akajibu. Akapewa sentensi mpya kabisa, akaipitia polepole, na mama mwenye miwani akaonekana kusikitika kidogo kwamba hakuna mnyama aliyebadilika. Kisha likaja neno moja ambalo alilitazama mbele, akalitazama nyuma, akatikisa kichwa.

"Hili silijui."

Mwenyekiti akamtazama mwalimu. Mwalimu akashusha pumzi ndefu na kuandika kitu kwenye karatasi yake. Alifaulu kwa kujikokota, lakini alifaulu, na safari hii hakuna mtu aliyemhofia.

Jumapili iliyofuata alipanda zile ngazi tatu. Alihubiri. Aliuliza maswali, na mara mbili nzima alinyamaza bila kujijibu, jambo ambalo liliwafanya watu wafikiri kwamba ameugua. Baada ya ibada akasimama mlangoni kuwaaga. Fundi bomba akamwambia mahubiri yalikuwa moto. Mwenye duka la vipuri akasema hajawahi kusikia kama yale. Askofu akawashukuru, akawashika mikono, huku rohoni anajiuliza ni kijani cha namna gani hiki.

Nyuma yao akaja bibi mmoja mgeni, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe mtaani, mtu ambaye kinyozi huyu hakumjua wala kumgusa nywele.

"Mwanangu," alisema bibi, "pale katikati umenichosha. Ila Jumapili ijayo nitakuja tena."

Askofu alicheka mpaka akashikilia mlango. Akamshika bibi mkono kwa mikono yote miwili, akamuuliza ni katikati ipi hasa. Bibi akaweka mkoba wake chini, akaanza kumweleza.